Chindo na Miguu ya Mkwewe

Mume wangu Gumersindo, ambaye mtaa wetu katika mji wa Ponce unamwita Chindo, alikuwa fundi wa rejeta za magari. Siku za sikukuu alipiga timbale katika bendi ya Don Obdulio: ngoma mbili za chuma na kengele juu yake, mpigaji kasimama na fimbo mkononi. Kushika mdundo alikuwa hodari. Solo, yaani kupiga peke yake mbele ya watu, ndiyo iliyomshinda.

Mwaka 1974, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mji, jua la saa tisa likiwaka, Don Obdulio alimnyooshea kidole apige solo. Chindo akaanza kwa kishindo, akamwaga kila alichojua bila kuvuta pumzi. Nikaona watu wananyanyua mguu, hawajui waushushe wapi. Jozi moja ya wachezaji ikaacha kucheza, ikafuata ya pili, mwisho uwanja mzima ukasimama. Ikabidi tarumbeta ziingie kumwokoa.

"Kuanzia leo wewe gonga kengele tu," Don Obdulio alimwambia. "Solo waachie wenyewe."

Wiki mbili fimbo zilikaa juu ya kabati.

Tuliishi na mama yangu, Doña Eufemia, mwenye miaka sitini na minane. Ngoma hakuwahi kuigusa, lakini kucheza alicheza tangu utoto. Jumapili moja, baada ya wali wa mbaazi, alisukuma meza ukutani akavua kandambili.

"Chindo, lete hayo masufuria yako."

"Mama, niache. Aibu ile hukuiona?"

"Nilikuwa nacheza, ukakaribia kunivunja kiuno. Lete!"

Mimi nilipewa vijiko viwili nigonge klave, mdundo unaoongoza wimbo wote: tatu, kisha mbili, bila kubadilisha.

"Mguu wangu ukisimama, ujue umepotea," mama akasema.

Chindo alipoanza tu, ulisimama. Akaanza upya, ukasimama tena.

"Mbona unapiga kama unafukuzwa na mbwa? Sema neno, unyamaze. Usiponyamaza nitakujibu saa ngapi?"

Chindo akagonga mara tatu, akaacha. Ndani ya kimya kile visigino vya mama vikajibu sakafuni. Akagonga tena, akaongeza kidogo, mama akajibu. Wakaongea hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Ikawa kila Jumapili, karibu mwaka mzima. Kuna siku Chindo alisema miguu ya mama ndiyo imezeeka, akafukuzwa kwa ufagio hadi uani. Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kusukuma meza.

Sikukuu iliporudi, alimwendea mkuu wake. "Don Obdulio, nipe mara moja tu. Nikiharibu, nitabeba spika mwaka mzima."

"Utanibeba na mimi pia," alijibiwa.

Alianza kwa vipigo vitatu, akanyamaza. Kisha akaongea taratibu, akiacha nafasi, na watu wakaijaza kwa miguu yao. Mkono ulipokuja kuongeza kasi, hakuna aliyepotea. Don Obdulio alimwacha aendelee mara mbili ya muda wake.

Aliposhuka, aliwapita wote waliotaka kumkumbatia, akamwinamia mama.

"Nibariki, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Ila pale mwisho uliwahi kidogo."

Mama aliishi miaka tisa zaidi. Chindo akiulizwa nani alimfundisha solo, humtaja mkwewe, na watu hucheka wakidhani anatania. Mimi humshukuru Mungu kwamba watu wangu wawili waliwahi kupendana hivyo, na vijiko nilivishika mimi.