Sumni ya Waingereza

Mimi skuli sikukaa. Nilisoma chuoni juzuu chache, kisha nikapewa sindano nishone kofia. Lakini pesa nazijua. Unguja nimetumia shilingi ya senti mia, na nusu yake tukiita sumni. Nilipofika Ibra, huku Omani, nikajifunza baiza, elfu moja kwa riyali, na hapana mwenye duka aliyewahi kunipunja.

Miaka ya themanini binti yangu wa pili alipata nafasi ya serikali kwenda kusoma Uingereza. Hesabu anazila kama halua. Najivuna, na sioni haya. Nilichokiogopa ni kimoja tu: ashuke kule peke yake, asiwe na sarafu ya kutia kwenye simu ya njiani anambie kafika. Pesa alizobadilishiwa Maskati zote zilikuwa za karatasi.

Asubuhi ya safari nikatoa kopo la marehemu mume wangu, aliyekuwa akitia makaa kwenye meli za Waingereza kabla hajanioa. Nikazimimina mkekani sarafu alizorudi nazo.

"Mama, hizi zimekufa," akasema. "Waingereza wamebadilisha pesa zao mimi sijaanza skuli."

"Chuma hufa?"

Akacheka, akanieleza. Pauni ilikuwa shilingi ishirini, hapo sawa na ya kwetu Unguja. Lakini shilingi moja ilikuwa peni kumi na mbili.

"Dazeni? Kama vikombe?"

"Dazeni, mama. Sasa wameitupa shilingi. Pauni ni peni mia, basi."

Nikakishika kisarafu kidogo cheupe cha peni sita. "Basi hii ni sumni yao."

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuwa mlangoni akingoja kumpeleka uwanja wa ndege. Yeye kazaliwa Ibra, Kiswahili kakiokota kwetu. "Shemeji, thumni kwa Kiarabu ni moja ya nane! Nyinyi watu wa Unguja mnaitaje nusu moja ya nane?"

"Kwetu ni nusu. Ya nane kaa nayo mwenyewe."

Binti yangu akaokota sarafu moja nene. "Hii ni shilingi mbili na peni sita."

"Shilingi mbili na sumni," nikamsahihisha.

Akapiga hesabu, midomo inachezacheza. "Zikiwa nane, zinatimia pauni."

Shemeji akapiga makofi. "Walahi hiyo ndiyo thumni! Nimeshinda!"

Kwa furaha akatoa funguo zake atuonyeshe pesa iliyo hai. Ilikuwa peni kumi mpya, kapewa na Mwingereza mmoja kazini, naye kaitoboa tundu kaining'iniza kwenye funguo. Mtu na akili zake anatoboa pesa! Simu gani itakula kitu chenye tundu?

Nikaishika hivyo hivyo. Vidole vyangu vimehesabu matundu ya kofia miaka thelathini, havidanganyiki. Nikaiweka juu ya sarafu nyingine ya marehemu, ya shilingi mbili kamili. Ukingo kwa ukingo, hapana iliyomzidi mwenzake hata uzi. Unene ule ule.

"Shilingi mbili katika ishirini ni ngapi?" nikamuuliza msomi wangu.

"Moja ya kumi."

"Na peni kumi katika mia?"

Akanitazama. "Moja ya kumi."

"Basi hii haijafa. Imebadilishwa jina tu."

"Kijitabu cha wanafunzi tulichopewa hakikusema, mama."

"Kijitabu kimeshona kofia ngapi?"

Sarafu za shilingi mbili zilikuwa nne; akazitia zote mkobani, na ile nene akaongeza, kwa kuniridhisha.

Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa kwa shemeji, mbele ya simu yake, chakula sikukigusa. Ikalia. Nikaidaka kabla yake.

"Mama! Nimefika! Ile nene imetemwa, lakini shilingi mbili zako zinaingia! Natia ya mwisho hii!"

"Umekula?" nikauliza.

Ikakatika.

Shemeji akanishika bega. "Kasemaje?"

"Kafika."

"Alhamdulillahi. Kala?"

"Sijui," nikamwambia, nikavuta sahani ya wali. "Hapo ndipo pesa ilipokwisha."