Ungesema Siku Ile

Wateja walimwita Sikio, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Gari likiingia gerejini, hakuwa na haraka ya kushika spana. Alimwambia mwenye gari aliwashe, akainama juu ya injini kama mtu anayenong'onezewa umbea, kisha akatoa hukumu: "Mkanda unateleza huo." Wakifungua, wanaukuta mkanda umelegea kweli.

Lakini miaka mingi ya kugonga vyuma ilimla masikio polepole. Sauti ndogo ndizo zilizomkimbia kwanza. Yeye akasema magari ya siku hizi yametengenezwa yawe mabubu. Akasema wateja wanaongea na vifua vyao. Mkewe alipomwita kutoka jikoni asiitike, ni Sikio aliyekuja juu.

"Na wewe umeanza kunong'ona kama mgonjwa?"

"Nimepiga kelele mpaka jirani kaitika! Nenda ukapimwe masikio, mume wangu."

"Nta tu hii."

Nta ikatolewa, hali ikabaki ile ile. Akasema ni mafua. Mafua yakaisha, akasingizia jenereta la mchomeleaji wa jirani. Sababu moja ikifa, nyingine ilikuwa imeshazaliwa. Kazini akajifunza ujanja: alimuuliza mteja kwanza, kwa upole, "Wewe sauti yake unaisikiaje?" Mteja akieleza, Sikio alitikisa kichwa taratibu, kana kwamba na yeye kaisikia. Mara nyingi alipatia. Akajiambia kwamba huo nao ni ufundi.

Asubuhi moja akaja mdogo wake, dereva wa teksi, kitinda mimba wa mama yao. Baba yao alipofariki, Sikio ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kuendesha.

"Kaka, kuna kitu kinalia mbele, upande wa kulia. Kama nyuki ndani ya debe."

Wakazunguka mtaa mzima. Sikio kainamisha kichwa, kafumba macho. Hakusikia nyuki wala debe. Waliporudi, wateja waliokuwa kwenye benchi wakamtazama, wakisubiri hukumu.

"Matairi hayo," akasema. "Lami ikiwa na kokoto, lazima yalie. Gari lako zima."

"Una uhakika? Mimi nilidhani tulipandishe jeki, tufungue gurudumu tuangalie."

"Fundi nani hapa, mimi au wewe?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mdogo mtu naye akacheka, akaingia garini akaenda zake.

Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko, teksi ikabamiza ukuta wa daraja. Bahati, hakuwa na abiria. Mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti.

Njiani kwenda hospitali, Sikio alikuwa tayari anakusanya visingizio: ule mteremko, mwendo kasi, vipuri feki vilivyojaa madukani. Na watu wakamsaidia. "Barabara ile imeshamaliza wengi," shemeji yake, mke wa mdogo wake, alisema huku akilia, naye akaitikia upesi mno.

Kesho yake akaenda kuliona gari. Akachuchumaa, akapapasa mahali gurudumu lilipokuwa limekaa. Beringi inayobeba gurudumu likizunguka ilikuwa imeungua ikawa ya bluu, golori zake za chuma zimesagika. Beringi haifiki hapo kwa siku moja. Ile ililia wiki nzima, pengine zaidi, hata muuza magazeti wa njia panda angeweza kuisikia. Akakaa chini kwenye vumbi, akangoja kisingizio kije kama kawaida yake. Hakikuja. Alijua kwamba siku zote alikuwa anajua.

Akarudi wodini, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mdogo wangu, siku ile sikusikia kitu. Masikio yangu yamekufa, tena zamani. Nilijua. Niliona haya mbele ya watu, nikakudanganya."

Mgonjwa akamgeukia. Halafu midomo yake ikacheza.

"Sema tena," Sikio akaomba. "Sijakupata."

Midomo ikacheza tena. Shemeji, aliyekuwa amesimama upande wa pili, akapaza sauti mpaka wodi nzima ikageuka.

"Anasema, ungesema siku ile! Na anasema uondoke."

Akaondoka. Safari hii alikwenda kupimwa. Daktari akamwambia kifaa kingemsaidia kidogo kusikia watu wakizungumza, ila zile sauti ndogo ndiyo basi. Akaifunga gereji. Waliomfuata nyumbani aliwaambia wazi kwamba hasikii. Wengine walidhani anawatania, wakazidi kumbembeleza. Mkewe hakumsimanga. Alizoea tu kumgusa bega kabla ya kusema neno.

Kila Jumapili Sikio hupeleka mfuko wa matunda kwa mdogo wake. Hana tena cha kujitetea, wala hajitetei. Mwanzoni alidhani ukweli, ukishasemwa, utamfungulia mlango. Shemeji hupokea mfuko getini, akashukuru kwa heshima. Nyuma yake, barazani, mdogo mtu huchukua magongo yake, akainuka kwa taabu, akaingia ndani.