Simu ya Duara Inayokatika Winchi Ikiwaka

Saa mbili asubuhi, machimboni Mwakitolyo. Hosiana Magesa, fundi wa vifaa vya umeme, amepiga magoti kando ya mdomo wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Mbele yake kipo kisanduku cha simu inayomuunganisha mwendesha winchi, mashine ya kushushia na kupandishia watu kwa kamba, na wachimbaji walio chini. Simu inasikika vizuri. Winchi ikiwashwa tu, inakatika.

"Yaani inakatika mtu akiwa ananing'inia," anasema. "Hapo ndipo anapoihitaji."

Wiki iliyopita aliitengeneza. Alipima umeme winchi ikiwa imezimwa, akaamini regileta, kile kidude kinachosawazisha umeme wa simu, imechoka, akaweka mpya. Kesho yake ugonjwa ukarudi, na mchimbaji mmoja akapandishwa bega likisagwa ukutani, huku akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Yuko hai, lakini Hosiana hapati usingizi.

Duara hili lina desturi yake: aliyetengeneza kifaa hutanguliza mtu wake chini. Mtu wa Hosiana ni mumewe, Maduhu, ambaye tayari anajifunga kamba.

"Mama Klara, ukikosea leo utakula peke yako."

"Hebu nyamaza, Baba Klara. Niache nifanye kazi."

Utani haumwingii.

Safari hii anaagiza winchi iwashwe huku akipima. Mshale wa mita unaporomoka. Kumbe regileta ni nzima. Mgonjwa ni jirani yake, kapasita ya upande wa kuingilia, ile inayoweka akiba ndogo ya umeme ili regileta isiyumbe umeme unaposhuka ghafla winchi ikiuvuta. Kwa nje haina hata uvimbe. Imekauka ndani, maana ilibanwa kwenye bati la kupozea regileta, joto likaimaliza polepole. Kikulacho ki nguoni mwako.

Anafunga nyingine mpya, ya volti kubwa zaidi, mbali na bati. Winchi inawashwa tena. Mshale unatikisika kidogo, unatulia.

Maduhu anashuka.

Hosiana ameishika simu kwa mikono miwili. Winchi inanguruma, kamba inazidi kuzama, simu kimya.

"Baba Klara?" Anaibana simu sikioni. "Maduhu!"

"Nakusikia. Endelea kunigombeza, nimezoea."

Machozi yanamtoka, kisha anacheka kwa aibu.

Anachotamani ni kufungua kibanda cha ufundi mjini Segese, atengeneze televisheni tu.

"Televisheni ikikatika, mtu anakosa taarifa ya habari, basi," anasema, macho yakiwa bado kwenye kamba.