Dereva Hajulikani

Sisi tuliosoma Mungaa miaka ile ya themanini tuliyajua malori kwa mlio. Tukiwa kwenye alizeti, lori likiunguruma mbali, tulishabishana ni la aina gani na limebeba nini kabla hata vumbi halijaonekana. Tuliyafinyanga kwa udongo, wasichana kwa wavulana, matairi tukiyakata kwenye ndala zilizochakaa. Jioni tulikaa kwenye ugali wa uwele na mlenda tukiwa bado na udongo kwenye kucha, mama akigomba. Leo mwanangu anaitambua simu ni toleo la ngapi kwa kuiona mgongo tu, lakini lori likipita ananiuliza, "Hilo nalo ni basi?"

Mwaka niliokuwa darasa la sita, shuleni yalikuja makasha ya vitabu vya msaada. Kimoja kilikuwa kinene kuliko Biblia, kimejaa picha za malori makubwa na magari ya jeshi ya zamani. Mwalimu mkuu alikifungia kabatini, tukakitazama Ijumaa tu, mikono nyuma. Ijumaa moja alifunua ukurasa, nikamwona baba yangu.

Lilikuwa lori la jeshi la magurudumu sita, boneti wazi, rejeta ikifuka mvuke, kwenye mlima wa Sekenke. Kando yake kijana ameegemeza kiwiko kwenye madigadi, vilevile baba alivyoegemea mlango wa nyumba yetu kila asubuhi. Na kisa chenyewe alishatusimulia: alipokuwa dereva jeshini, gari lilichemka Sekenke, akatokea mgeni mwenye kamera, akampiga picha, akaenda zake. Chini ya picha waliandika uzito wa lori, nguvu ya injini, upana wa tairi hadi nusu inchi. Mwisho kabisa, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa: dereva hajulikani.

Mwalimu mkuu alipoitwa nje, nilichukua kalamu nikayakata maneno yale, nikaandika: Daudi Ntandu wa Mungaa.

Nilichapwa viboko sita mstarini, na baba akaitwa. Alikuja na kofia mkononi.

"Mzee, binti yako ameharibu kitabu cha shule," mwalimu mkuu akamwambia.

Baba aliomba akione. Akaweka kidole kwenye picha.

"Huyu ni mimi, mwalimu. Mtoto hakuharibu. Amesahihisha."

"Kitabu hakisahihishwi na mwanafunzi."

Mwalimu mkuu akapaka gundi kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya jina, baba amesimama palepale akimtazama. Njiani kurudi nyumbani mimi na baba tulivuka korongo. Ndipo aliposema, "Umeandika vizuri. Herufi zimenyooka."

Baba alishafariki. Mwaka huu mwanangu aliniagizia kitabu kilekile mtandaoni, toleo jipya, picha zimesafishwa mpaka unaona jasho shingoni mwa baba. Upana wa tairi wameubadilisha. Eti zamani walikosea kidogo. Dereva bado hajulikani.

Niliwaandikia wachapishaji. Wakanijibu kwa adabu kwamba watafurahi kurekebisha nikiwaletea hati ya jeshi yenye jina lake pamoja na namba ya gari. Hati za baba zililiwa na mchwa, sanduku na vyote. Nikawaambia mimi ni mwanawe, nilimwona kwa macho yangu akijitambua. Wakasema hilo si ushahidi.

"Mama, achana nao, ni picha tu," mwanangu akasema.

Sijaachana nao. Nimewaandikia mara ya tatu, na nitaandika ya nne.

Enzi zetu mgeni akifika uani aliulizwa jina lake na ni mtoto wa nani. Alijibu, akapewa kigoda na maji, na hakuna aliyemdai hati. Siku hizi mashahidi tunaambiwa hatutoshi. Na yule mwenye kamera alisimama hatua tano tu kutoka kwa baba, akaandika kila kitu cha lile lori. Kuuliza jina kungemchukua muda gani?