Ndoano ya Manyoya ya Mbuzi

Nikifungua kopo la ndoano za marehemu baba, bado linanuka mbuzi, nami narudi Garissa ya vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa Kisomali. Baba, karani aliyehamishiwa huko, alifunga manyoya ya mbuzi kwenye ndoano yafanane na mdudu, akaitupa penye maji haba ya mto Tana. Manyoya alipewa na jirani yetu, bibi Msomali tuliyemwita Ayeyo, yaani nyanya kwa lugha yake. Yeye samaki hakula kamwe. "Hiyo nyoka ya maji," alitucheka.

Siku askari wa serikali waliposwaga mbuzi wake wote wakaenda nao, baba alimpelekea kambare wa kuchoma, nami nikamfuata.

"Hii imeshikwa na manyoya ya mbuzi yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni ya kwangu. Bismillahi."

Akala amefumba macho, mkono wake mwingine ukinishika kichwa.