Mlango Uliolia Mdomoni mwa Kambo

Kwiii. Ni mlango unafunguka, ila mlango wenyewe haupo. Ni babu yangu, tunayemwita kambo, anauigiza kwa mdomo. Sauti hiyo imegoma kunitoka masikioni.

Nina miaka ishirini na minne, nasoma chuo kikuu hapa Lubumbashi, naishi kwa kambo, mtaa wa Makomeno. Mkichapa barua hii mnifiche jina, maana naona haya.

Napenda filamu za kale zisizo na sauti, zile zinazotisha akili. Niko katika kikundi cha mtandaoni cha wakusanyaji wa Ulaya, Mwafrika ni mimi peke yangu, na kwenye wasifu nimeweka picha ya ua. Kuna filamu moja wanaiabudu: mtu anafunga mlango kila usiku, asubuhi anaukuta wazi, na anayeufungua ni yeye mwenyewe. Imebaki nakala moja tu, maandishi yake ya kueleza kisa yamekatika, hivyo hakuna ajuaye kwa nini anafungua. Wanabishana miaka na miaka, na ndio utamu wenyewe.

Nilipomwonyesha kambo, alisimama. "Aka! Hii njo ile picha ya kambi!" Ujanani, katika kambi ya wachimba shaba, alisimama kando ya kitambaa cheupe cha sinema, padri akimsomea maandishi sikioni, naye akiyatoa kwa Kiswahili, pamoja na sauti za mvua na milango. "Ile muntu hakuzika mama yake, mutoto wangu. Anamufungulia aingie." Kwiii.

Nilimrekodi, nikaituma rekodi kikundini. Wakacheka. Mmoja akaandika: "Huyu mchekeshaji umemtoa wapi?" Nikajibu: "Mzee tu wa mtaani, simjui." Nikaongeza na alama ya kicheko.

Kambo alikuwa nyuma yangu. "Banasema nini?"

"Banafurahi sana, kambo."

Jumapili alivaa koti, akawatangazia wenzake kanisani kwamba Bazungu wanamsikiliza. Kila siku ananiuliza: "Barafiki bako bameomba ingine?"

Nilikuwa nimeanza kuwaandikia ninyi wasomaji niwaulize nifanye nini, nikashindwa kungoja. Jana niliwaandikia wale wa kikundi: "Ni babu yangu. Maandishi mnayoyatafuta, yeye alisomewa." Kisha nikamwambia kambo yote, hata lile neno "simjui".

Akauliza: "Na picha yao, mulango inalia?"

"Hapana, kambo. Iko kimya."

"Bon. Bacheke basi."

Leo amekunywa chai bila kuniita. La kufanya nimekwisha kulifanya. Ninyi mlio na wazee nyumbani, niambieni hili tu: mzee aliyekanwa na mjukuu wake huombwaje msamaha?