Jumanne Ambazo Mama Hakupelekwa Kisii

Harufu ya majani ya mkaratusi yanapochemka hunikumbusha Mama hadi leo. Mwaka nilipokuwa darasa la tano, nyumba yetu iliyo karibu na soko la Nyaramba ilinuka mkaratusi kutwa nzima, kwa kuwa dada yangu Kemunto aliyachemsha majani hayo akamkandia Mama mkono na mguu wa kulia. Mama alikuwa ameanguka katikati ya michai, kikapu kikiwa bado mgongoni. Alikuwa mwanamke mwenye mikono myepesi, ambaye vijana walishindwa kumfikia katika kuchuma, na kicheko chake kilisikika ng'ambo ya mto. Hospitalini Kisii walituambia ni kiharusi. Aliporuhusiwa kutoka, mdomo ulikuwa umekwenda upande, maneno yalimtoka kwa kukokotwa, na ule mkono ulining'inia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kabla hatujaondoka, daktari mmoja wa kike wa chumba cha mazoezi ya viungo alimwita Kemunto kando ya kitanda. Akamwonyesha namna ya kumgeuza Mama asichubuke mgongo, namna ya kumnyoosha vidole, na namna ya kumsimamisha bila kumvuta bega. "Mleteni kila Jumanne," akasema. "Samaki mkunje angali mbichi. Mkono huu ukikauka, hata mimi sitaweza kuukunjua." Kemunto alikuwa kidato cha pili. Shule ilimruhusu akae nyumbani hadi muhula uliofuata, naye akaipokea kazi ile kwa moyo wote.

Jumanne za mwanzo tulikwenda. Wanaume wa jirani walimbeba Mama kwenye kiti cha plastiki, wakashuka naye mteremko wa matope hadi barabarani kulikokuwa na gari. Sokoni watu waliacha biashara zao wakatutazama. Siku moja Mama alijikojolea kwenye kile kiti mbele ya umati, na Baba, aliyekuwa ametangulia, hakugeuka nyuma. Lakini kule Kisii nilimwona Mama akisimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, jasho likimtiririka, akiinua ule mguu mzito na kuusogeza mbele. Kemunto alipiga makofi hadi wagonjwa wengine wakacheka.

Jumanne iliyofuata Mama alivishwa gauni lake la Sabato, akaketi ukingoni mwa kitanda akingoja. Jua lilipanda, wabebaji hawakuonekana. Kemunto akamfuata Baba nyuma ya nyumba, alikokuwa akimkatia ng'ombe majani, nami nikasimama mlangoni.

"Baba, wale watu hawajafika."

"Nimewaambia wasije."

"Lakini daktari alisema kila Jumanne."

"Daktari ndiye aliyemwoa? Sitamtembeza mke wangu barabarani kama mkungu wa ndizi, kila mwenye macho amkodolee. Mgonjwa hupona kwake."

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, Mama alijikusanya, akalitoa neno moja kipande kwa kipande: "Ni-pe-le-ke." Panga la Baba lilisita hewani. Kisha likaendelea kukata.

Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu katili. Hakuwa. Alimjengea Mama chumba nyuma ya jiko, penye joto, mbali na macho ya wageni, akamchongea kitanda kwa mikono yake. Akina mama wa kanisa walikuja kila Sabato, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai na kutuhakikishia kwamba Bwana atamwinua. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayembeba siku ya Jumanne. Kemunto aliendelea kumfanyisha mazoezi peke yake, na kwa muda Mama aliweza kwenda kutoka kitandani hadi mlangoni akiwa amemshika bega. Muhula ulifunguliwa, Baba akasema mgonjwa hawezi kuachiwa mtoto mdogo kama mimi. Muhula mwingine ukafunguliwa. Hakuna aliyemtaja Kemunto na shule tena. Bega la Mama likaanza kuuma hata kwa kuguswa, na Kemunto hakuwa na wa kumuuliza afanyeje. Vidole vikajikunja ndani, tukawa tunamwekea kitambaa kiganjani ili kucha zisimchome.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alikufa nikiwa sekondari, akiwa na vidonda vya kulalia vilivyofika karibu na mfupa. Siku ya mazishi, wanaume wa kumbeba walijitokeza wengi mno, wakawa wanapokezana.

Siku hizi watu husema mambo yamebadilika, na kweli barabara yetu sasa ina lami. Mwaka jana Baba naye alipigwa na kiharusi. Kaka zetu walio Nairobi walipiga simu, na kabla ya juma kwisha gari lilikuwa limepatikana la kumpeleka Kisii kwa mazoezi. Anayempeleka ni Kemunto. Anauza ndizi katika soko la Daraja Mbili, na siku za mazoezi humwachia jirani meza yake. Nilipomuuliza kwa nini yeye, alijibu, "Nani mwingine anaijua kazi hii?" Mtu akipita soko la kwetu na kumkuta Baba kwenye kiti cha magurudumu, Baba humwamkia kwa sauti na kumweleza jinsi mguu unavyorudi. Haoni haya hata kidogo.

Mwezi uliopita niliandamana nao. Chumba cha mazoezi kimepakwa rangi mpya, ila ni kilekile, na kutoka kwetu ni mwendo uleule. Baba alitembea kati ya vyuma bila kushikwa, akafika mwisho, akageuka kwa shida. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Laiti mama yenu angepata nafasi kama hii," akasema.

Kemunto alikuwa amepiga magoti akimfunga kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa.

"Aliipata, Baba."

Baba alivishika vile vyuma kwa nguvu. Kemunto alikaza fundo, akasimama, akamshika chini ya kwapa bila kumvuta bega. "Haya," akamwambia, "rudi ulikotoka. Taratibu."